Minza wa Studio, Uliyemrudishia Holo Mwanya Wake

Ndugu zake walinipigia mmoja baada ya mwingine kunipa habari ya msiba, na hadi leo bado naipiga namba yake. Jamani, Minza asiyepokea simu ni Minza gani?

Kwa msiomjua: ndiye niliyefungua naye studio ya picha Nyalikungu, hapa Maswa, miaka ile biashara huria imeshika kasi na kompyuta za mtumba zinashushwa kutoka Mwanza. Mimi nilipiga picha. Yeye alikaa kwenye editing, na vituko vikaanzia hapo.

Mzee mmoja wa Shishiyu alikuja kupiga picha ya ukumbusho. Minza akamwekea ndege nyuma. Mzee akaitazama weee, akasema, "Ndege nzuri. Sasa ng'ombe wangu atakaa wapi?"

Minza akamtafutia ng'ombe, akamsimamisha chini ya bawa. Mzee alitoka pale anatembea kama waziri!

Tukasifiwa, naye akanogewa. Makovu akafuta, pua akachonga, shingo akarefusha. Nikimwambia, "Minza, too much!" ananijibu, "Mteja ni boss, Kabula. Anataka kupendeza."

Halafu akaja Holo, binti kutoka Binza. Kijana mmoja wa Shishiyu anayefanya kazi Mwanza alisikia sifa zake, akaomba picha kabla ya kupeleka posa. Minza aliishughulikia ile picha kutwa nzima. Akamfanya mweupe pee, na mwanya wa meno akauziba.

Mashangazi wa kijana wakafika Binza, picha mkononi. Holo mwenyewe ndiye aliyewapokea, akapiga magoti kuwasalimia.

"Mwadila, mayu," wakamjibu salamu kwa Kisukuma. "Tuitie huyu dada yako wa kwenye picha."

"Ni mimi."

Wakaangaliana. Mmoja akauliza kama nyumba hii ina desturi ya kudanganya wageni. Wakaondoka bila hata kunywa maji.

Holo alikuja studio macho yamevimba. Hakugomba. Alimuuliza Minza tu, "Dada, kwani nilikuwa mbaya kiasi hicho?"

Minza akaifungua picha ya mwanzo, ile ambayo hajaigusa, akaiprint. Akachukua baiskeli, mimi nyuma kwenye keria, mpaka Shishiyu kwa wale mashangazi.

"Binti hakuwadanganya," akawaambia. "Mwongo ni mimi na kompyuta yangu. Holo ndiye huyu."

Shangazi mkubwa akaisogeza picha karibu na macho. Ghafla akaangua kicheko: "Kumbe ana mwanya! Wewe mtoto, kitu kizuri hivi unakiziba kwa nini?"

Posa ikarudi Binza. Holo akawasubirisha kidogo, nao waonje aibu, ndipo akakubali. Kwenye arusi Minza alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka.

Tangu hapo, kabla ya kuprint, alimgeuzia mteja kioo cha kompyuta: "Mama yako akiiona hii bila kuambiwa ni nani, atakuita jina lako?" Mteja akisitasita, Minza anafuta, anaanza upya. Mwanga aliongeza, chunusi ya wiki ile aliondoa. Kovu la utotoni hakuligusa tena.

Wapo waliokasirika wakahamia studio ya jirani, wakang'arishwa huko hadi wakafanana wote. Baadhi walirudi. Aliwapokea bila kuwasema, ila mgongo ukigeuka tu, ananikonyeza!

Hata zama hizi za filter, nikiposti selfie hazipiti dakika anapiga: "Kabula, huyo mgeni wako ametokea wapi?"

Jana tumekuzika, mwenzangu. Watu walijaa mpaka barabarani. Kila kundi lilikuwa na kisa chako, tukawa tunalia na kucheka kwa zamu. Mama yako aliponisikia nacheka, alinishika mkono akasema, "Endelea, mwanangu, nisimulie na mimi."

Wabeja sana, asante sana, Minza. Kesho nafungua studio, na redio nitaiweka juu kama ulivyopenda.

Pumzika vizuri, dada. Wateja nitawapokea mimi.