Mto wa Shingo Uliopanda Volkano

Paka walianza kumfuata mke wangu siku ileile tuliyotua Moroni.

Sitanii. Tukitoka nyumba ya wageni, paka nyuma. Tukiingia sokoni, paka. Tukikaa kunywa chai, anakuja mmoja, anaketi miguuni pa Restuta, anamkodolea macho utadhani wamesoma wote.

Mimi hata hawanitazami.

Sasa mtu umetoka zako Ifakara, uko kisiwa cha watu, unaona mambo hayo. Utafanyaje? Nikamvuta mke wangu pembeni.

"Mama Angel, hawa si paka wa kawaida."

"Ni paka, Baba Angel. Tembea."

Akaongeza mwendo. Na paka wakaongeza mwendo.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili tuwe pamoja.

Mimi naitwa Ignas, nina mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara. Mke wangu, Restuta, ni mwalimu wa Jiografia sekondari. Kila mwaka anachora volkano ubaoni kwa chaki nyekundu, mishale kila upande, anaeleza uji wa moto unavyopanda kutoka chini. Anaichora vizuri mno, hata mimi nimeshaielewa.

Siku moja mwanafunzi wake, Rosemery, akanyoosha mkono. "Madam, wewe umewahi kuiona?"

Akasema hapana. Darasa zima likacheka.

Jioni hiyo Restuta hakula. Mimi nilidhani ni malaria, kumbe ni volkano.

Tangu hapo nyumba ikawa na neno moja tu: Karthala. Ni mlima wa moto ulioko Ngazidja, Comoro, mwendo mfupi kwa ndege kutoka Dar. "Nataka nisimame ukingoni nichungulie lile shimo," aliniambia. "Mara moja tu maishani. Halafu waniulize tena."

Msimu uliopita mpunga ukakubali. Tukajichanga, tukakata tiketi. Angelina wetu tukapanga abaki kwa bibi yake, mtaa wa Lumemo.

Hapo ndipo Restuta akatoa sheria.

"Begi moja la mgongoni kila mtu. Nguo za kubadilisha, mswaki, basi. Mzigo wa mtu sibebi."

Nilimwelewa. Fungate letu tulikwenda Morogoro mjini tukiwa na gunia la mchele la shangazi, ndoo ya mafuta ya mawese ya mtu wa Kisawasawa, na jogoo. Jogoo! Bibi harusi alimaliza fungate akigonga milango ya watu kugawa vifurushi. Jogoo mwenyewe alimtoroka stendi, akamkimbiza na viatu vya harusi.

"Safari hii ni ya mimi na wewe," akasema. "Nikikuta kwenye begi lako hata punje moja ya mchele, naenda peke yangu. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Na nilisikia kweli. Tatizo ni mama yangu.

Mama yangu, Theodosia, ni fundi cherehani Lumemo. Kwake yeye, mtu kutoka Ifakara kwenda ugenini bila mchele ni sawa na kutoka bila suruali. Nilipokwenda kumuaga akanikagua.

"Begi lako hilo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na chakula?"

"Mama, kule wanauza chakula."

Akanyamaza. Mama yangu akinyamaza, ujue ameshaamua.

Akaingia chumbani, akatoka na mto wa shingo, ile mito ya kwenye ndege. Kaushona mwenyewe kwa kitambaa cha maua. Nikaupokea, mikono ikashuka. Mzito!

"Ni mchele," akasema kwa sauti ya chini. "Ule wa shamba letu, unaonukia. Usimwambie mkeo. Mwalimu yule ataniona mshamba."

"Mama, Restuta kasema begini hata punje..."

"Begini. Mimi nimekuwekea begini?"

Akanivika na kofia mpya, nayo kaishona yeye, ina ukingo mgumu hivi. "Hii usiivue," akasema. "Jua la kisiwani kali."

Niseme ukweli, nilikuwa naogopa wote wawili. Nikauvaa mto shingoni, nikaenda nyumbani.

"Mzuri," Restuta akasema. "Mbona unachakacha?"

"Una punje za mpira ndani. Za kisasa."

"Haya."

Siku ya safari naye akatoka chumbani kajifunga mkanda mpana kiunoni, chini ya blauzi, ananuka dawa ya kuchua mpaka macho yangu yakatoa machozi.

"Mgongo," akasema. "Nitaufunga safari nzima. Mlima si mchezo."

Nikampa pole. Nikambebea na chupa ya maji.

Uwanja wa ndege Dar, mabegi yetu yakapita kwenye ule mkanda wa ukaguzi bila neno. Ukapita mto wangu. Afisa akasimamisha mashine. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akarudi kwenye kioo. Jasho likaanza kunitiririka chini ya kofia.

"Huu mto wa nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Restuta akadakia. "Wa tiba, afande! Ukoo wao wote una shingo mbovu. Na mimi mgongo. Tumeumia sana sisi."

Nikasema moyoni, huyu mwanamke ananipenda.

Yule afisa akamwomba Restuta aweke na mkanda wake upite. Akatazama kioo tena, safari hii akauma mdomo wa chini asicheke.

"Mnatokea Ifakara ninyi?"

Restuta akashangaa. "Umejuaje?"

"Basi tu. Safari njema."

Kwenye ndege nikalalia ule mto. Usiombe. Nilishuka Moroni shingo imekaa upande.

Na ndipo wale paka wakaanza.

Sasa twende mlimani. Kiongozi wetu aliitwa Mmadi, kijana mcheshi aliyewahi kuishi Unguja, Kiswahili chake kizuri kabisa. Tulichukua safari nafuu, ile ya kila mtu kujibebea chakula chake. Restuta akanunua mikate, njugu na biskuti za kwenda na kurudi. Kupanda siku moja, kulala kwenye hema, asubuhi kuchungulia shimo, kushuka.

"Chakula kidogo hiki, dada," Mmadi akasema.

"Kinatosha. Sisi tunasafiri wepesi."

Mmadi akatazama mto wangu. Akatazama paka watatu waliokuwa wametusindikiza mpaka mwanzo wa njia. "Dada, paka wa huku hawamfuati mtu bure," akasema.

"Wana tabia mbaya," Restuta akajibu, akaanza kupanda.

Jamani, ule mlima. Kwanza msitu umefunga, mizizi, matope. Halafu miti inaisha, unabaki na mawe meusi makavu yanayokata viatu. Wepesi tulikuwa nao, ila mimi shingo yangu ilikuwa imebeba chakula cha familia. Kila nikitaka kuupumzisha mto chini, Restuta anasema, "Lete nikushikie," nami narukia juu, "Aa, niache!" Kila nikitaka kumkanda mgongo wake, naye anaruka, "Usiguse!"

Mmadi akadhani tumegombana. Akawa anatembea mbele kwa adabu.

Tukafika juu jioni. Mvua ikanyesha, Mmadi akatandaza turubai, tukajaza dumu zima la maji. Tukala mkate, tukalala.

Asubuhi tukatoka hemani. Hakuna kitu.

Yaani hakuna. Wingu zito limelala kwenye shimo lote. Tulisimama ukingoni, tunaambiwa shimo liko hapo mbele, tunaona weupe tu kama mtu kakufunika uso kwa shuka. Tukasubiri. Jua likapanda, wingu halikutikisika. Mchana ukafika, tukala biskuti za mwisho.

Mmadi akakuna kichwa. "Wingu la namna hii mara nyingi hufunguka alfajiri ya siku ya pili. Tukilala tena, tutaona. Lakini chakula kimekwisha, na mimi siwezi kuwashusha watu mlima huu na njaa. Ni hatari. Tushuke sasa."

Restuta akatazama lile wingu.

"Tushuke," akasema.

Akaanza kukunja hema. Nikamwona anapangusa macho kwa bega ili nisione. Miaka yote ya chaki nyekundu, amesimama palepale ukingoni, na anarudi kumwambia Rosemery kwamba ameona wingu. Na siku ya ndege yetu ilikuwa karibu, nafasi ya kupanda tena haikuwepo.

Roho iliniuma sana. Nikaushika mto shingoni.

Nikisema, nimevunja ahadi, na huyu mwanamke aliniambia wazi kabisa, hata punje moja. Nikinyamaza, amelikosa shimo lake.

"Restuta."

"Nini?"

"Usinipige."

Nikachukua kisu cha Mmadi, nikaupasua mto. Mchele ukamwagika kwenye sufuria ya chai ya Mmadi, mweupe, mrefu, na ile harufu yake ikapanda. Mmadi akarudi nyuma hatua moja.

Restuta akautazama mchele. Akanitazama mimi. Nikajua leo imekula kwangu, nitashuka mlima huu nikiwa mseja.

"Umebeba mchele," akasema polepole. "Shingoni. Kutoka Ifakara."

"Nisamehe, mke wangu. Siyo begini lakini."

Akageuka, akanipa mgongo. Nikasikia anafungua kitu. Mkanda! Akautupa juu ya jiwe, akaninyang'anya kisu, akaupasua.

Kitoga. Samaki wetu wa mto Kilombero, wamekaushwa kwa moshi, wamepangwa vizuri ndani ya nailoni tangu mwanzo wa mkanda hadi mwisho.

Nilikaa chini kwenye mawe.

"Paka!" nikasema.

"Paka," akakubali.

"Nani kakupa?"

"Mama yako! Aliniita peke yangu, akasema nisikwambie wewe, kwamba utamwona mshamba. Ningemkataliaje mama mkwe? Na mimi ndiye niliyeweka sheria, ningekutazamaje usoni? Hata dawa ya kuchua alinipa yeye."

Tulitazamana. Halafu tukaangua kicheko, kile cha kushikana mabega. Mama yangu alikuwa ameugawa mlo mmoja katikati, nusu kwa mume, nusu kwa mke, na kila mmoja kaapishwa kunyamaza. Tulikuwa tumeogopana bure, kwa chungu kimoja.

Mmadi alikuwa ameshawasha jiko. "Huyo mama," akasema, "mwakani njooni naye. Mimi nitabeba mizigo tu."

Tukapika. Wali wa Kilombero juu ya volkano, na mchuzi wa kitoga. Tulikula mpaka Mmadi akafungua mkanda wa suruali. Kasoro ilikuwa moja tu, chumvi. Hakuna aliyekuwa nayo.

"Ungekuwa na chumvi," Restuta akasema akilamba kidole, "nisingeshuka tena."

Alfajiri Mmadi akatuita.

Wingu lilikuwa limeondoka lote. Shimo likawa wazi mbele yetu, pana kuliko nilivyowahi kufikiria, kuta zimesimama wima, chini mawe meusi yamepasuka, na mvuke mwembamba ukipanda pembeni. Restuta alishika mkono wangu akaubana mpaka ukauma. Machozi yalimtoka, na safari hii hakuyaficha.

Baadaye akajikohoza, akanyoosha kidole.

"Haya, darasa. Tunaona nini hapa?"

Mmadi akanyoosha mkono. "Mwalimu!"

"Ndiyo, Mmadi."

"Shimo, mwalimu."

"Kaa chini. Nani mwingine?"

Nikanyoosha mkono mimi. Nilijibu yote, mishale na uji wa moto na kila kitu, nikapigiwa makofi. Sijawahi kufurahi vile.

Tuliporudi, tukapitia moja kwa moja Lumemo. Mama alikuwa kwenye cherehani yake, Angelina pembeni anachezea vitambaa. Tukapiga magoti wote wawili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Mlikula?"

Hakuuliza volkano. Hakuuliza ndege. Mlikula.

"Tulikula, Mama," Restuta akasema huku akicheka. "Vyote viwili. Kwenye sufuria moja."

Mama akatikisa kichwa, ameridhika. "Nilijua mtafichana. Ila nilijua pia njaa ikiwashika, hakuna atakayekubali mwenzake alale bila kula. Kikawa kitamu?"

"Kitamu sana. Kilikosa chumvi tu," nikasema.

Mama akasimamisha cherehani.

"Kilikosa nini?"

"Chumvi."

Akaninyang'anya kofia kichwani. Akachukua mkasi, akakata ule ukingo mgumu, akachomoa kifuko chembamba kirefu cha nailoni. Akakipasua mezani.

Chumvi.

"Niliiweka kichwani kwako, Ignas," mama akasema kwa masikitiko makubwa, "nikiamini angalau kichwa utakitumia."

Restuta alicheka mpaka akaanguka kwenye vitambaa pamoja na Angelina.

Picha ya lile shimo sasa iko ukutani darasani kwake, na Rosemery ndiye aliyeibandika.

Kwa hiyo wewe na mwenzako mnaopanga kusafiri, sikilizeni. Begi dogo ni zuri, bebeni begi dogo. Ila kama kuna kitu umekificha kwa kumwogopa mwenzako, mwambie mapema, maana huenda naye amejifunga chake kiunoni na mnateseka wote wawili mlima mzima.

Na mama akikupa kofia, ipapase.