Nane Nilizozisubiri

Mpaka leo nikipita karibu na ule mgahawa wa jirani na maegesho ya malori, hapa Tunduma, naharakisha hatua. Pale ndipo nilipomkosesha mama yangu ndama.

Foleni ya mpakani ilikuwa imeganda. Madereva na sisi mawakala wa forodha hatukuwa na la kufanya, tukaandaa mashindano ya poka. Tulichezea maharage, na zawadi ilikuwa ndama jike aliyeletwa na mfanyabiashara wa mchele kutoka Kamsamba. Mama yangu kule Iyula alikuwa amefiwa na ng'ombe wake wa pekee, nami kwa kiherehere changu nikampigia kumwambia ajiandae. Alianza kukarabati zizi siku hiyohiyo.

Sikuwa nikicheza kwa bahati, jamani. Wenzangu walitegemea ndoto na mkono wa bahati. Mimi nilipiga hesabu. Kabla ya kuweka maharage nilijiuliza: jambo hili likirudiwa mara nyingi, nitatoka na faida au hasara? Kwa mtindo huo wenzangu wakapukutika, tukabaki wawili, mimi na dereva mmoja Mzambia. Sasa kila punje ilikuwa kipande cha ndama.

Hapo karata ya bibi wa kopa ikachanika. Mama mwenye mgahawa, aliyekuwa akitugawia karata, akatoa karata nyingine kwenye droo, akazichanganya, akagawa. Nikapata sita na saba. Kati ya karata tano za pamoja, tatu za kwanza zikafunuliwa mezani: nne, tano na mfalme. Mzambia akasukuma maharage mengi mbele, akaniuliza kwa upole, akiniita mzee kwa lugha ya kwao, "Mudala, unakuja?"

Nilihitaji tatu au nane ili mfululizo wangu ukamilike. Hizo ni karata nane za kuniokoa, na karata mbili za mezani zilikuwa bado hazijafunuliwa: karibu nafasi moja katika tatu. Mezani palikuwa na mafungu mawili na nusu kwa fungu moja nililotakiwa kuweka. Hesabu ilisema ingia. Nikaegemeza viwiko mezani, nikaingia na punje zangu zote.

Ikafunuliwa bibi, kisha tano. Dereva akaonyesha mfalme wake, jozi na yule wa mezani, watu wakampongeza.

Kushindwa hakukunishtua; nafasi moja katika tatu ina maana mara mbili unalia. Nilipekua karata zilizobaki kwa udadisi tu, nione nane ilikuwa mbali kiasi gani. Sikuiona. Nikaanza upya, moja baada ya moja. Hakukuwa na nane, wala tisa, wala kumi.

Mama mwenye mgahawa akanishangaa. "Kaka, si za albastini hizo? Nane tunatoa."

Nani hapa asiyejua? Albastini tumeicheza tangu utotoni, na mbili, nane, tisa na kumi huwekwa kando kabla ya kugawa. Nilijua, wote tulijua, na hakuna aliyekumbuka kuzirudisha. Mzambia wa watu hata hakuelewa tunabishania nini. Kanuni yetu wenyewe ilisema karata zikishagawiwa zimekubaliwa, kwa hiyo ndama akawa wake.

Nikauliza hizo nane ziko wapi. Yule mama akainama, akanionyesha chini ya mguu wa meza yangu. Zilikuwa pale, zimekunjwa na kubanwa vizuri.

"Asubuhi si ulilalamika meza inayumba, chai inakumwagikia?"

Nikiwa bado nimeinama, simu ikaita. Mama yangu alitaka kujua ndama wake ana rangi gani.