Balozi Apangiwa Shangazi

Darasani walimwita Balozi, na jina lilimkaa sawasawa. Kifaransa alikijua tangu utotoni, maana baba yake, dereva wa malori, aliwahi kuihamishia familia nchi jirani wanakokizungumza. Wenzake wa mwaka wa kwanza walipokuwa wanahangaika na salamu, yeye alikuwa anamsahihisha mwalimu, tena bila haya. Nyumbani alishatangaza kwamba mwakani anakwenda kusoma ng'ambo. Nafasi ilikuwa moja tu, ya atakayeongoza mtihani wa mazungumzo, lakini mama yake alishanunua sanduku la magurudumu na majirani walishaitwa kuliona.

Mwalimu wao, mwanamke mfupi asiye na papara, alikuwa na utaratibu wake wa kulifundisha darasa lenye mabingwa na wasiojua hata kuhesabu. Anayejua alimkalisha na asiyejua, na wote wawili walipata alama moja, ile ya aliyefanya vibaya zaidi.

Balozi akapangiwa Shangazi. Hivyo ndivyo darasa zima lilivyomwita mama huyo wa makamo, aliyeingia kila asubuhi na viatu vyeupe vya mpira, macho mazito kwa usingizi, akiyatafuta maneno ya Kifaransa kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba uliojaa.

"Binti yangu..." alianza Shangazi siku ya kwanza, kwa Kifaransa, kisha akakwama.

"Ana miaka ishirini na anaishi mjini," akamalizia Balozi. "Ndivyo inavyosemwa, Shangazi."

"Lakini haishi mjini, mwanangu."

"Haidhuru. Ni mfano tu."

Ikawa ndiyo desturi yao. Shangazi akifungua mdomo, Balozi anamalizia. Aliona anamsaidia, masikini. Muda uliobaki alimsimulia habari zake yeye mwenyewe, taratibu, ili mama wa watu azoee kusikiliza: baba na lori, mbwa aliyemng'ata, sanduku la magurudumu.

Siku ya mtihani mwalimu alikuja na kikombe chake cha chai, akaketi. "Leo hakuna kujisifu," alisema. "Kila mmoja atueleze habari za mwenzake."

Shangazi akatangulia. Sentensi zake zilikuwa fupi na mbili tatu zilichechemea, lakini zilifika. Huyu baba yake ni dereva. Huyu anaogopa mbwa. Huyu ana sanduku jipya, ila safari bado. Huyu anaongea sana. Darasa likaangua kicheko, na Balozi naye akacheka, maana alijua zamu yake inakuja na atawafunika wote.

Akasimama. Kifaransa kikamtoka kama maji. Akaeleza kwamba Shangazi ni mpishi wa hoteli, akapamba jiko, masufuria na mvuke.

"Ni kweli?" mwalimu alimuuliza Shangazi.

"Mimi muuguzi, Mwalimu. Huwa natoka zamu ya usiku nakuja hapa."

"Ana watoto?" mwalimu akamrudia Balozi.

"Ana binti," alisema. "Ana miaka ishirini. Anaishi mjini."

"Huyo binti ni wa kwako," Shangazi alisema. "Wangu ana thelathini na ushee, na yuko mbali."

Safari hii Balozi hakucheka. Mwalimu alikunywa chai yake, akasema Shangazi amefaulu vizuri, ila kwa bahati mbaya alama ni ya Balozi, na Balozi ameshindwa. Watarudia Ijumaa. Balozi aliwaza lile sanduku na majirani, akatamani sakafu immeze.

Wenzao walipotoka, alibaki amesimama kando ya dawati. "Nisamehe, Shangazi. Nimekuangusha."

"Umeniangusha kweli. Mimi nilikuwa nimeshapita!" Alivuta kiti. "Haya, kaa. Uniulize, halafu usinijibie."

"Kwa nini unasoma Kifaransa?"

"Binti yangu..." alianza Shangazi, akakwama palepale pa siku zote. Balozi aliliona neno analolitafuta. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake yeye. Akauma midomo.

"Ana mtoto," Shangazi alisema mwishowe, kwa Kifaransa, neno moja moja. "Mtoto hajui lugha yangu. Kwenye simu anasema, anasema. Mimi nanyamaza."

Balozi alikuwa na maneno mengi sana. Akayaacha yote yapite.

"Halafu?" aliuliza.