Uzi kuhusu uzi: bolti ya plau kwenye shokapu, na Waya amekaa nyuma

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi huwa msomaji tu. Nasoma mnayoandika, nacheka peke yangu, nafunga simu. Naandika polepole, na shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo mnivumilie.

Ila jana nimeona mtu humu anauliza kama bolti yoyote inaweza kufunga shokapu ya pikipiki. Mmoja wenu akamjibu, "Ikiingia, imefaa." Nikasema leo lazima nitoe sauti. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na shahidi wangu yuko jikoni anakaanga omena wakati naandika. Nikidanganya atanisuta.

Ni miaka ya tisini, Migori. Nilikuwa kijana mwenye haya kupita kiasi. Nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja, nilikuwa sijui nianze kumjibu nani.

Baba mdogo wangu wa Rangwe alikuwa ameniachia pikipiki yake. Nilibeba omena kutoka Muhuru Bay na kuipeleka soko la Kehancha. Huko ndiko nilikompata mteja anayeitwa Robi. Yeye aliongea, mimi nilipima. Ikaendelea hivyo mpaka akaniambia niende kwa baba yake, maana omena imejaa kwao na hakuna tena mtu wa kuila.

Baba yake, Mzee Mwita, alituma jibu fupi: "Kijana asiyeongea sijui anaficha nini. Aje na mtu wake mwenye mdomo."

Kwetu, mwenye mdomo ni mmoja tu. Waya Pere, dada ya baba. Waya ndiyo shangazi kwa Kijaluo. Alikuwa na mwili wa kutosha na mdomo wa ziada.

Sasa, siku moja kabla ya safari, nikitoka Muhuru Bay, nyuma ikaanza kugonga. Kuangalia, bolti ya chini ya shokapu moja imekatika na kichwa kimeenda zake. Duka la spea pale Migori hawakuwa nayo. Wakaniambia hiyo utaipata Homa Bay.

Homa Bay ningefikaje na Waya ameshapiga nguo pasi?

Rafiki yangu Ochieng' akasema, "Omera, bolti ni bolti."

Akaenda kwao, akarudi na bolti nene inayong'aa. Ilikuwa bolti ya plau. Nikamwambia ile ni ya kulimia.

"Hii inavutwa na ng'ombe wawili kwenye udongo mweusi," akasema. "Waya wako ni mzito kuliko ng'ombe wawili?"

Nikampa spana. Waya alikuwa karibu.

Kwa wale ambao hawajalima: bolti ya plau ina kichwa bapa kilichochongoka kwa chini, ili kizame kwenye chuma. Shingo yake ina pembe nne, kwa sababu tundu la plau nalo lina pembe nne. Tundu la shokapu ni la mviringo. Ochieng' aliona hilo, akachukua nyundo. Ilipobaki ndefu, akakata raba ya akala yake kuukuu, kile kiatu cha tairi, akaivalisha kama washa, akakaza nati.

"Hii utazikwa nayo," akasema. Alikuwa anasifu kazi yake.

Asubuhi tukaondoka. Kitambo kidogo ikaanza kulia kwii, kwii.

"Nyathina, mwanangu," Waya akasema, "pikipiki yako inaimba."

"Ndiyo, Waya."

"Inaimba wimbo gani?"

Sikuujua. Nikaendelea kushika usukani.

Kwenye mteremko wa mwisho, katikati ya mashamba ya tumbaku, nati ikaruka. Bolti ikapinda, shokapu ikachomoka, kiti kikalala upande. Waya hakuanguka. Yeye mwenyewe anasema aliteremka. Lakini lori la ng'ombe lilikuwa limetupita muda mfupi tu kabla ya hapo, na hiyo sehemu huwa siisimulii kwa kucheka.

Tukafika kwa Mzee Mwita tukisukuma. Waya alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope.

Mzee hakutusalimia kwanza. Aliinama, akachomoa ile bolti iliyopinda, akaigeuza mkononi. Pale Kehancha kwa Wakuria watu wanalima kwa plau, hata mtoto anaijua.

"Hii ni ya plau."

Nikaegemeza pikipiki vizuri.

"Plau ya nani imebaki bila bolti?"

"Ya kina Ochieng', Mzee."

Hilo ndilo neno langu la kwanza mbele ya mkwe. Nyuma ya ghala nikasikia mtu anacheka, na kicheko kile nilikijua.

Mzee hakucheka. "Mama huyu amekuja kukuombea binti yangu, na wewe umemkalisha juu ya chuma cha kulimia. Binti yangu utamkalisha juu ya nini?"

Nikamwangalia Waya aniokoe. Waya alikuwa anatoa vumbi mdomoni.

"Nenda ukatafute bolti inayotakiwa," Mzee akasema. "Ukirudi, uniambie kwa mdomo wako kwa nini hiyo ndiyo na hii siyo. Ukiniambia 'fundi amesema', mchukue shangazi yako mwende."

"Na Waya?"

"Anabaki. Ni mgeni."

Waya alikuwa ameshapewa kiti, na kuku alikuwa anakimbizwa uani. "Nyathina," akaniambia, "usiharakishe sana."

Nikafungua bolti nzima ya upande wa pili niende nayo kama sampuli. Hilo peke yake ndilo la akili nililofanya safari nzima.

Nikapanda matatu. Homa Bay, duka la spea lilikuwa la mama mmoja mwenye macho ya utani. Nikampa sampuli. Akaiangalia, akapitisha kucha kwenye mistari yake, akauliza, "Unaona uzi wake?"

"Mwembamba," nikasema.

"Uzi mwembamba ni kwa fundi wa nguo, mlango wa pili."

Wakuu, nilienda. Fundi wa nguo akauliza nataka rangi gani. Nikasema yoyote, ni ya shokapu. Akaegemea cherehani akicheka, na ukutani nikasikia yule mama naye akicheka. Inaonekana walikuwa wanawafanyia hivyo wageni wote.

Niliporudi, mama akafuta machozi, akanifundisha vizuri. Kila alichoniambia alinirudishia kama swali, na hakunipa bolti mpaka nimejibu kwa sauti.

Nikarudi Kehancha. Mzee akakaa. Waya alikuwa amenenepa kidogo.

Nikaanza. Nikasema Mzee, hii ya sampuli ina namba kichwani, 8.8, na hii mpya ina namba hiyo hiyo. Ni alama ya ugumu wa chuma. Ya plau haina alama, ndiyo maana imepinda. Hapa chini ya kichwa ni laini, hapana uzi, kwa sababu hapa ndipo shokapu inakaa na kucheza. Uzi ukifika hapo unakula bushi, ile raba ya ndani ya tundu la shokapu, kama msumeno, na bolti hukatikia hapo hapo.

Nikasema nati lazima iwe na uzi unaolingana na wa bolti. Ianze kwa vidole. Ikigoma usiilazimishe kwa spana. Ndani ina pete ya plastiki inayoshika ili mtikisiko usiifungue, na pete ikilegea unanunua nati nyingine. Uzi utokeze kidogo mbele ya nati, ukiishia ndani haujashika. Raba ya akala haiwekwi popote. Nikafunga mbele ya macho yake, nikamwambia kesho nikishatembea nitaikagua tena, kwa sababu...

"Nyathina, basi," Waya akasema. "Mzee amesikia."

"Mwache," Mzee akasema.

Nikaendelea. Nikafika kwenye bushi, nikaingia upande wa mbele ambako hakuna aliyeniuliza.

"Kumbe anaongea," Mzee akasema.

"Sasa nani atamzima?" Waya akauliza.

Ndivyo nilivyokubaliwa. Mzee aliinyoosha ile bolti ya plau kwa nyundo, akaifunga kwenye plau yake iliyokuwa na tundu wazi. Akasema hapo ndipo kwao. Kwa kina Ochieng', jembe la plau lilibaki shambani ng'ombe wakiendelea mbele, na Ochieng' mwenyewe akahamia kwa mjomba wake kwa muda. Yalipokuja mazungumzo ya mahari, Waya alisimama akadai bolti ihesabiwe kuwa imeshapokelewa. Ikahesabiwa. Hadi leo mashemeji wananiita Bolti.

Nilichojifunza ni hiki: tundu haliulizi bolti imetoka wapi, kwa hiyo uliza wewe. Beba ya zamani, soma kichwa, angalia sehemu laini, nunua nati mpya. Anayekaa nyuma hajui umefunga nini huko chini. Amekuamini tu.

Karibuni mchangie. Nani mwingine amewahi kufungiwa kitu cha shambani kwenye pikipiki? Na yule wa "ikiingia, imefaa", nakusubiri kwa heshima zote.

Robi ameniuliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia uzi.

Ameuliza, mwembamba au mnene?