Mtafiti Abanaye Pumzi
Mvua ya jimbo la Cork inyeshe isinyeshe, mtafiti huja malishoni kwa mfugaji Fintan na vifuniko vyake, kavibeba kama mama ntilie na masufuria yake. Hupiga magoti matopeni, akafunika mahali alipokojoa ng'ombe, kisha kwa bomba la sindano akavuta ile hewa inayopanda kwenda kuongeza joto la dunia. Kila anapovuta, hugeuza uso pembeni na kubana pumzi, isije ikaichafua sampuli. "Hivi mikojo nayo ina udaktari?" Fintan humtania. "Nicheke tu, mzee. Nikihitimu utaniita daktari."

Lakini kwa neno la huyo huyo, Fintan alizing'oa nyasi alizoachiwa na baba yake, akapanda majani mapana yanayotumainiwa kupunguza hewa hiyo. Leo majibu yametoka maabara. Fintan alimngojea langoni, kofia mkononi. "Haya, binti. Majani yetu yamesaidia?"

Mtafiti akageuza uso pembeni, akabana pumzi.

Fintan akalitazama konde, kisha akavaa kofia yake. "Pumua, binti," akasema. "Mwakani tutapanda mengine."