Vidonge vya Verlon Vinakuja kwa Posta

Saa tatu asubuhi, mfamasia Bi Lorna Stallcup ameshika chupa ya dawa ambayo hakuiuza yeye. Anakibinya kifuniko, anakizungusha, anakitoa na kuweka kingine chepesi. Mdomo ameubetua.

"Si umwambie aliyekuuzia akufungulie?"

"Aliyeniuzia hana mikono, Bi Lorna. Ana posta tu," anajibu mzee Verlon Teague, mpasua mbao mstaafu aliyepindwa vidole na baridi yabisi. Amemletea kopo la bamia za siki.

"Na tarishi wa posta umempa?"

"Moja tu. Dogo."

"Haya! Kumbe hata bamia zangu nagawiwa!"

Mfamasia huyu wa miaka hamsini na minane ana wivu, wala haufichi. Kwa zaidi ya miaka ishirini Verlon alikuwa mteja wake hapa Pruitt Fork, mji mdogo kwenye milima ya Ozark, Marekani. Lorna alimhudumia marehemu mkewe, na anajua ni kidonge kipi kinamvimbisha mzee miguu. Kisha bima ikabadili masharti: dawa ya moyo akiichukua kwa Lorna, alipe dola arobaini na tano kila mwezi. Akiagiza kwa posta, halipi kitu.

Bei hizo hupangwa na dalali aliyekabidhiwa na bima kazi ya kusimamia dawa. Duka linalotuma dawa kwa posta nalo ni lake.

"Yeye refa, yeye mshambuliaji," anasema Lorna. "Halafu naambiwa nimefungwa kihalali!"

Isitoshe, viwanda humrudishia dalali huyo sehemu ya bei ya dawa, na kiasi chake ni siri. Lorna yeye hulipwa na dalali chini ya bei aliyonunulia dawa. Mwezi uliopita, chupa moja tu ilimtia hasara ya dola saba.

Kinachomuuma zaidi si hasara. Verlon hununua kule, maswali akayaleta huku.

"Mke mwenzangu anakula pesa, mimi nafua mashati," anasema. "Gari la posta likipita hapo nje, nageuza uso. Utoto, najua. Lakini roho inaniuma."

Mwaka huu bunge la jimbo lilipojadili madalali wa dawa, Lorna alifunga duka akaenda kutoa ushahidi. Alikusudia kuwasemea wafamasia wote. Akajikuta anamsema Verlon mwanzo hadi mwisho, mpaka mbunge mmoja akamwuliza kama ni nduguye.

Sheria imepita. Kuanzia Januari, dalali atalazimika kutangaza anachorudishiwa na viwanda, fedha hizo zimpunguzie mgonjwa bei, na posta isiwe rahisi kuliko duka la mtaani. Majirani wanampongeza. Yeye anaitikia kwa sauti ndogo.

Je, amemwuliza Verlon kama atarudi?

"Nithubutu?" Anafuta kaunta ambayo ni safi tayari. Chupa ya Verlon ya Januari amekwisha kuiagiza, bila kumwambia. "Mpaka leo najifariji kwamba kilichomwondoa ni bei. Januari bei itakuwa moja. Hapo ndipo nitajua kama alikimbia gharama, au alinichoka mimi."