Kiogora Atengeneza Redio

Cicily alipoondoka kwenda Embu kumlea mjukuu, alisema ni kwa mwezi mmoja tu. Mtoto sasa anakimbia huko Embu, mtaa wa Majimbo, anavunja vikombe vya mama yake, na Cicily hajarudi nyumbani Mitunguu. Mumewe, Kiogora, alimpigia simu kumwuliza atarudi lini. Mama wa watu hakuzunguka.

"Baba Mukiri, nirudi nikae na nani? Wewe huongei. Hata hiyo redio yako iliacha kuongea kabla Mukiri hajaoa."

Basi Kiogora akayaacha maneno ya kwanza, akayashika ya mwisho. Wanaume bwana! Akaishusha kutoka juu ya kabati ile redio ya zamani ya mbao, yenye vitaa vya glasi ndani. Redio ikiongea, mke atarudi. Hivyo ndivyo alivyopiga hesabu.

Hakuwa amewahi kufungua redio maishani. Kazi yake ilikuwa mabomba ya kumwagilia migomba, na bomba likivuja, dawa ni kukaza. Alipangusa vumbi, akatoa mende, akapigwa shoti iliyomkalisha chini. Kitaa kilichoungua alikibadilisha kwa kingine alichopewa kutoka redio mbovu ya kanisa. Kisha akaona skrubu ndogo ndogo zimelegea. Akazikaza zote mpaka vidole vikauma.

Alipowasha, vitaa vikawa vyekundu na moyo wake ukaruka. Lakini redio ilivuma tu, hakuna hata sauti ya mtu. Kimya cha nyumba alikuwa amekizoea; mvumo ule ulimtia upweke.

Akaibeba hadi kwa Salesio, fundi wa simu pale sokoni. Salesio akachungulia, akaguna.

"Mzee, hizi skrubu nani alikaza?"

"Ni mimi. Zilikuwa zimelegea."

"Wacha! Hizi si za kukaza, mzee. Hizi ndizo masikio ya redio. Enda ulegeze pole pole, moja moja, ukisikiliza."

Akaenda akalegeza, sauti ikija na kupotea, siku baada ya siku. Jumapili moja, baada ya ibada, mtu akasikika wazi kabisa akisoma habari. Kiogora akalia bila haya, maana nani wa kumwona? Akampigia mkewe, akaisogeza simu kwenye spika.

"Umesikia, Mama Mukiri?"

"Nimesikia. Pongezi. Sasa izime, uongee wewe."

Akaizima. Akafumba macho, akaanza. Akamwambia kwamba bado anapika githeri ya watu wawili, ikilala anawapa kuku. Kwamba analala jikoni, kitanda kile kimemshinda. Kwamba juzi alijikuta anapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe. "Nimekukumbuka sana," akasema, neno ambalo hakuwahi kulitamka tangu amwoe. "Nyumba imenishinda, Cicily. Rudi."

Akangoja jibu. Hakuna. Akaitoa simu sikioni na kuitazama: ilikuwa imekatika, kadi ya kupigia simu imekwisha, na hakujua ilikwisha akiwa amefika wapi.

Akavaa koti, akatoka kwenda kununua kadi nyingine. Njia nzima aliyarudia maneno yale kwa sauti, asije akayasahau, na watu waliopishana naye wakageuka kumtazama.